Kifo cha Meya wa Kiberiti

Jumamosi, 7 Agosti 1976

Leo tumecheza Mji mara ya sita. Stoo ya nyuma ya duka la vifaa la Mzee Mahesh, baba wa rafiki yangu Pradeep, saa nane mpaka saa kumi na moja. Jumamosi duka hufungwa saa saba, kwa hiyo hakuna wa kutusumbua. Harufu ya misumari, mafuta ya taa, kamba za katani. Meza yetu ni kreti la bawaba lililogeuzwa.

Niandike yalivyoanza, nisije nikasahau. Sudha, binamu yake Pradeep aliye Leicester, Uingereza, alituma vijitabu vitatu vya mchezo usio na ubao wala karata. Mchezo wa kusema tu. Mmoja anakuwa refa. Wengine kila mtu anamshika mtu wake wa kubuni na kusema anafanya nini, na refa anasema dunia inamjibu vipi. Vijitabu vilijaa mazimwi na mapango. Kiprugut, karani wa mizigo stesheni, akasema mazimwi anayaona ya kutosha kazini. Tukatupa mapango, tukabaki na mji mmoja. Wetu. Ramani ya kwanza niliichora nyuma ya kasha la kiberiti, na jina likabaki hilo: Kiberiti. Una ziwa, stesheni, mlima unaotoa mvuke, barabara moja kubwa, na Meya mzee ambaye hakuna anayethubutu kuuliza umri wake.

Kidude cha kurusha chenye pande ishirini Sudha alisahau kutia kwenye bahasha. Nimetumia punje ishirini za mahindi, zile kubwa nyeupe za Bodi ninakofanya ukarani, nikaziandika namba kwa wino mweusi. Zinakaa kwenye mkebe wa kakao. Anayetaka kufanya jambo gumu anachota moja bila kuangalia. Namba kubwa, umefaulu. Ndogo — pole.

Kiprugut ni Lalji, muuza vitambaa. Leo alipandisha sauti na kutikisa kichwa mpaka Pradeep akalia kwa kucheka. "Lalji wako anaongea kama mjomba wangu akiwa na homa!" Pradeep mwenyewe ni Mpishi wa Meya. Nyakio, anayepiga chapa kwa wakili mmoja hapa mjini, ni Diwani Mama Soko, na anamtisha kila mtu, hata mimi.

Mimi ni Refa. Nikisema mvua, Kiberiti kunanyesha. Ofisini nikisema kunanyesha, wanachungulia dirishani kwanza.

Jumatatu, 9 Agosti

Nimewahi ofisini saa moja na nusu, nikapiga chapa kumbukumbu za Jumamosi kabla mkubwa hajafika. Naziandika kama za mkutano wa Bodi: waliohudhuria, yaliyotokana na kikao kilichopita, hoja, aliyependekeza, aliyeunga mkono. Kiprugut ananicheka. "Refa, hata tukikohoa utaandika nani aliunga mkono." Acha acheke. Sijui namna nyingine ya kuandika mambo ya watu wengi.

Majina nafupisha: P., K., N. Langu halimo. Mwandishi wa kikao hatajwi.

Kaboni moja, nakala mbili. Ya juu yangu. Ya pili imekuwa taabu. Chumba changu cha Bondeni kinavuja. Leo nimepata jibu — masjala! Bodi yetu ya Mbegu za Malisho ina mafaili elfu mbili ya majani, na tangu niajiriwe hakuna aliyeulizia hata moja la kabla ya Uhuru. Nimechukua jalada jipya: MJI/K/1. Limekaa vizuri kati ya mengine. Kavu.

Nimejaza hata ile nafasi ya "Liletwe tena". Kila asubuhi Mzee Kipsang, tarishi wetu, hupitia majalada, na lenye tarehe ya siku hiyo hulipeleka mezani kwa mtu ambaye herufi za jina lake ziko juu ya jalada. Sasa nitakumbushwa kila kikao kikikaribia. Mzee Kipsang hasomi yaliyo ndani. Anasoma tarehe tu, na hajawahi kukosea tangu wakati wa wazungu.

Jumamosi, 4 Septemba

Mchezo ulianza kufa. Kiprugut anasinzia. Nyakio anaangalia saa. Madiwani wa Kiberiti wamezozania soko la samaki vikao vitatu, na mimi mwenyewe nimechoka na samaki.

Nikafanya kitu. Nikaandika kikaratasi, nikamsukumia Pradeep chini ya sahani ya chevda, vile vitafunio vya pilipili vya kwao. "Mpishi: nyuma ya unga jikoni kuna chupa. Anayeijua ni wewe tu. Meya akiondoka, mji utaamka." Refa anaruhusiwa kumpa mtu siri.

Pradeep akasoma. Akaniangalia kidogo. Akakunja kikaratasi, akakitia mfuko wa shati — hatupi kitu yule, ana tiketi za sinema za tangu shule. Halafu akasema polepole, "Mpishi anaona Meya amekula vya kutosha."

Ghasia! Nyakio akapiga kreti kwa kiganja. Lalji akaunga mkono kabla hajaelewa. Nani atashika kiti? Mama Soko? Mkuu wa stesheni? Tulibishana mpaka Mzee Mahesh akagonga ukuta. Chupa itamiminwa kikao kijacho, kwa punje.

Mchana mzuri kuliko yote. Nilirudi nyumbani natembea kama mtu mrefu.

Jumatatu, 6 Septemba

Nimepiga chapa. "Kumb. 14/76: Kifo cha Meya. Ilipendekezwa na P., ikaungwa mkono na K., kwamba Meya apewe sumu, kutoka chupa iliyo nyuma ya unga. Suala la mrithi liliahirishwa."

Kikaratasi changu sikukitaja. Si hoja ya kikao.

Jumapili, 26 Septemba

Mkutano mkubwa wa siasa hapa mjini. Malori ya watu tangu asubuhi. Nimekaa ndani na kupiga pasi mashati ambayo hayakuhitaji pasi. Jirani amerudi anasema wakubwa wanataka katiba ibadilishwe, swali likiwa kiti cha Rais kitashikwa vipi Mzee asipokuwepo. Wameanza kulisema kwa kipaza sauti. Nikamwambia mimi siasa siijui. Akasema, "Nani amekuuliza?"

Hatujacheza wiki tatu, Kiprugut yuko zamu za Jumamosi. Kikao kijacho ni tarehe tisa Oktoba. Faili nimeliandika liletwe tena tarehe nane, Ijumaa.

Alhamisi, 7 Oktoba

Nyakio alinisubiri nje ya ofisi saa kumi na moja jioni. Hajawahi kunisubiri. Nilifurahi kama mjinga mpaka nilipoona gazeti limekunjwa mkononi mwake.

Serikali imetoa onyo. Kuwaza kifo cha Rais, kukibuni, kukikusudia — ni kosa. Adhabu ni kunyongwa. Nilisoma nikiwa nimesimama, watu wakinipita.

Nikasema Meya si Rais. Nikasema Kiberiti hakuna.

Nyakio akasema, "Mimi najua. Lakini jana wakili wangu alifunga dirisha ndiyo aongee habari hii, na yeye ni wakili. Choma zile karatasi zako, Karani. Zote."

Zangu nimezichoma kwenye jiko, moja moja, ili moshi usiwe mwingi. Nakala iko masjala. Nitaitoa kesho asubuhi kabla Mzee Kipsang hajaanza mzunguko. Anaanza saa mbili. Mimi nitakuwa pale saa moja.

Ijumaa, 8 Oktoba

Saa moja kasoro lori la Bodi lilikuwa getini, injini inanguruma. Mkubwa wetu, Bwana Kipkoech, amesimama kando na kikombe cha chai. "Hiram, panda. Njoro wanataka mtu wa kukagua magunia ya mbegu, na yule wao anaumwa."

Nikasema nichukue kalamu ndani. Akatoa yake, akanipa.

Kutwa Njoro. Baridi, upepo juu ya ngano, magunia. Nilikagua mstari mmoja mara nne. Saa mbili asubuhi ilifika nikiwa kati ya magunia, na niliona kabisa mkono wa Mzee Kipsang unapita juu ya majalada. MJI/K/1. Tarehe ya leo. Herufi zangu. Na mwenye herufi hayupo — basi faili linapelekwa kwa mkubwa. Ndiyo kanuni. Mimi ndiye niliyemwandikia Mzee kanuni hiyo kwa herufi kubwa ubaoni, mwezi wa Februari.

Tumerudi saa kumi na mbili. Ofisi imefungwa.

Jumamosi, 9 Oktoba

Nimewatumia wenzangu wa Mji ujumbe kwamba naumwa. Si uongo.

Jumatatu, 11 Oktoba

"Hiram, hii Kiberiti iko wilaya gani?"

Ndivyo alivyoanza Bwana Kipkoech. Faili mbele yake, limefungwa, viganja viwili juu yake kama mtu anayezuia upepo. Anasema ameitafuta kwenye ramani za Bodi tangu Ijumaa. Olkaria ameiona, Longonot ameiona. Kiberiti hakuna.

Nikamweleza. Mchezo. Vijitabu. Punje. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo nilivyosikia nadanganya.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya. Jicho lake moja lilikuwa linarukaruka. "Nimepiga simu," akasema. "Ningefanya nini? Faili lina namba ya ofisi yangu. Nina watoto saba."

Nikamwambia naelewa. Nilimfariji mimi! Nikatoka nikafunga mlango taratibu.

Mzee Kipsang alikuwa koridoni. "Karani, ulilipata lile faili lako? Nililifikisha salama. Sikulipeleka mahali pengine."

Nikamwambia asante, Mzee.

Jumatano, 13 Oktoba

Amekuja. Bwana Obura. Hakusema ni wa ofisi gani, na hakuna aliyeuliza. Sweta ya kahawia, viatu vya soli laini — nilijua amefika nilipoona kivuli chake mezani. Bwana Kipkoech alimwachia chumba chake na kwenda kusimama uani.

Aliagiza mkebe wa kakao. Nilikuwa nao kwenye droo. Akamwaga punje mezani, akazipanga kwa kidole.

"Hizi ni za kulia kiapo?"

Nikacheka. Sijui kwa nini. Hakucheka. Nikasema hapana mzee, ni za kuchota tu, kama bahati nasibu. Akauliza tunachagua nani. Nikasema hatuchagui mtu. Akafungua faili na kusoma kwa sauti, polepole, maneno yangu mwenyewe: ilipendekezwa na P., ikaungwa mkono na K. Kwa sauti yake yalikuwa yanatisha. Yamenyooka, yana namba, yana tarehe. Hakuna neno moja linalofanana na mchezo. Nimeandika vizuri mno.

"Na wewe uko wapi hapa ndani?"

"Mimi niliandika tu."

"Ndiyo. Mwandishi hana makosa," akasema. "Mtu wa kuandika anaandika. P. ni nani?"

Hakunigusa. Hakupandisha sauti. Alinipa sigara, na mimi sivuti, nikaivuta. Nilisema jina la Pradeep kabla haijafika nusu. La Kiprugut pia, na la Nyakio.

Kuhusu Pradeep alijua zaidi yangu. Kwamba amezaliwa hapa Nakuru ila pasipoti ni ya Mwingereza. Kwamba maombi yake ya uraia yako Nairobi, mwaka wa nne sasa. "Huyo mambo yake ni rahisi," akasema. "Ndege tu. Hata kortini si lazima. Lakini nataka kujua ni kichwa chake au kuna kichwa kingine. Mpishi hatoki tu jikoni na mawazo."

Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu atakuja kucheza. Nimwite mgeni wa Bodi. Nisimwambie mtu.

Nilipokuwa natoka akaniita. "Hiram. Una mwandiko mzuri?"

Nikamwambia mimi hupiga chapa.

Alhamisi, 14 Oktoba

Kichwa kingine ni changu. Nimeandika, sasa nimeona kilivyo.

Nikinyamaza, Pradeep anapandishwa ndege, na Mzee Mahesh, aliyekataa kuondoka wakati binti yake Madhu alipoondoka, anabaki peke yake na misumari yake. Nikisema, ni mimi — na mimi sina pasipoti ya nchi nyingine. Mimi sina ndege. Mimi nina lile gazeti.

Ningepaswa kuchoma daftari hili. Kila jioni nalishika, halafu naliandika.

Jumatano, 20 Oktoba

Sikukuu. Bendera mjini. Nimekwenda kwa akina Pradeep kumwambia habari za mgeni. Ilibidi iwe leo.

Mzee Mahesh mwenyewe aliniletea chai ya tangawizi na kuketi karibu, miwani juu ya paji. "Kijana, wewe najua mambo ya ofisi. Hii barua ya Pradeep, inaweza chukua muda gani tena? Mimi nataka kuona kabla nakufa."

Nikasema maofisi yana kazi nyingi. Akatikisa kichwa, akakubali. Ananiamini kwa sababu ya tai yangu.

Pradeep alinisindikiza mpaka kwenye jakaranda za barabarani. Nikasema Jumamosi kuna mgeni wa Bodi, Bwana Obura, amesikia habari za Mji, anataka kujaribu.

"Anapenda michezo?"

"Anapenda."

"Amesoma kumbukumbu zako?"

Nikaangalia viatu vyangu. Tukatembea. Alikuwa anaburuta kiatu kimoja kwenye maua yaliyoanguka, kama tulipokuwa darasa la tano, wakati walipoanza kuchanganya shule za Waafrika na za Wahindi na yeye akawa wa kwanza kukaa dawati langu.

Halafu akasema, "Kile kikaratasi chako bado ninacho, unajua."

Basi. Akarudi.

Anacho! Mwandiko wangu, kalamu ya Bodi. "Meya akiondoka, mji utaamka." Amenitisha? Pradeep hatishi watu. Lakini kwa nini aseme? Njia nzima nilifikiria lile shati, lile la mistari, na mahali linapoanikwa uani kwao. Nimekuwa mtu wa kupanga kuiba karatasi mfukoni mwa rafiki yake. Naandika bila aibu. Aibu imekwisha wiki iliyopita.

Ijumaa, 22 Oktoba

Nimekutana na Kiprugut stesheni. Anauliza kama kesho tutammaliza Meya. Alikuwa anacheka, mabehewa yanagongana nyuma yake. Hajui. Nikamwambia njoo saa nane, usichelewe.

Jumamosi, 23 Oktoba

Naandika ofisini. Saa kumi na mbili kasoro, bado kuna mwanga. Mzee Kipsang amenifungulia. Nimemwambia kuna kazi ya haraka, na ni kweli.

Niandike kwa utaratibu.

Waliohudhuria: wote. Bwana Obura alikuja na pakiti ya biskuti. Akasalimia kila mmoja kwa mkono. Akakalia sanduku la misumari kama amelikalia miaka yote. Nikamwambia lazima achague mtu wa kushika. Akafikiri, akasema, "Nitakuwa daktari. Nimeitwa kumpima Meya. Nasikia chakula hakimkai."

Kiprugut akacheka. Nyakio hakucheka. Alimwangalia viatu, kisha akaniangalia mimi, na akajua. Niliona anavyojua. Akavuta kiti chake nyuma kidogo, kutoka kwangu, si kutoka kwa Obura.

Na anacheza vizuri! Hilo ndilo linaloniuma kijinga. Hatujawahi kuwa na mchezaji kama yule. Daktari akatembea Kiberiti nzima. Akaenda kwa Lalji kununua kitambaa, akauliza kwa upole, huyu Meya mnamwombea au mnamngojea? Kiprugut akaanza na ile sauti yake ya kuchekesha, ikamfia mdomoni. Akajibu kwa sauti yake mwenyewe. "Mimi ni mfanyabiashara tu." Jasho. Amekwisha kuelewa, maskini.

Akaenda kwa Mama Soko. Nyakio akasema, "Daktari, una hati ya kumpima mtu, ama unapima tu?" Obura akafurahi kabisa. "Huyu mama ni hatari, Refa."

Halafu jikoni.

"Mpishi. Nimesikia kuna chupa nyuma ya unga. Ulipewa na nani?"

Nje mtu alikuwa anaburuta mabati.

Sasa hapa niandike pole pole. Mimi ndiye Refa. Ningeweza kusema hakuna chupa. Nikisema hakuna, hakuna: ndiyo sheria ya Mji, hata Obura ameikubali alipoketi. Ningesema, Daktari, umetazama nyuma ya unga, umeona ukuta. Maneno saba. Yalikuwa tayari mdomoni. Nilimeza.

Pradeep alikuwa amevaa lile shati la mistari. Akatia vidole mfukoni. Nilijua sasa anakitoa kikaratasi, anakiweka mezani, na ana haki. Nilikiona kabisa, kimekunjwa mara nne. Akakitia katikati ya konzi ya chevda. Akasema, "Daktari, kwetu mpishi anaonja kwanza. Wageni baadaye." Na akala. Alitafuna muda mrefu, macho kwa Obura, akashushia na chai.

"Hakunipa mtu," akasema. "Nilitafuta mwenyewe."

Obura alitabasamu. Sijui aliona nini. "Mpishi wenu ana njaa." Akanisukumia mkebe. "Tuone kama daktari anaamini. Si ndiyo mnavyofanya? Achote."

Pradeep akachota punje, akaniwekea kiganjani bila kuitazama. Mimi peke yangu niliiona. Mbili. Ningesema kumi na tisa! Ningesema ishirini! Nani angejua?

Nikasema, "Mbili."

Katika yote ya leo, hapo tu nilisema kweli.

"Basi daktari haamini," akasema Obura. Akasimama, akapangusa suruali. "Yuko mwingine." Hakuniangalia alipolisema hilo. Aliniangalia baadaye, mlangoni. "Refa, kumbukumbu za leo nazitaka Jumatatu saa mbili. Kamili. Aliyependekeza, aliyeunga mkono, kama kawaida yako. Safari hii majina mazima." Na kwa Pradeep, kama anamwalika: "Kijana, twende unionyeshe mahali pa chai nzuri." Gari lilikuwa mbele ya duka. Pradeep akachukua koti. Aliponipita akaniambia, "Funga mlango wa stoo, baba anasahau."

Ningependa angesema zaidi.

Kiprugut alitoka kupitia nyuma, bila kofia yake. Nyakio alikusanya punje zote moja moja, akazitia mkebeni, akaniwekea mbele. "Zako, Karani." Akaenda. Sidhani ataniita tena hata jina hilo.

Nilifunga mlango wa stoo.

Sasa mashine iko mbele yangu. Kaboni moja, nakala mbili. Nimepiga tarehe, mahali, waliohudhuria. Nimepiga "Kumb. 15/76: Asili ya chupa." Hakuna ushahidi mwingine tena duniani. Umo tumboni mwa Pradeep. Nikiandika jina lake nitaaminiwa. Imekwisha andikwa hivyo katika Kumb. 14, imepigwa mhuri wa kupokelewa. Nikiandika langu, itakuwa mara ya kwanza mwandishi kutajwa.

Mzee Kipsang ameingia. Kofia mkononi.

"Karani, kuna mzee Mhindi getini. Anaitwa Mahesh. Anauliza kama umeona kijana wake, chakula kinapoa. Anasema wewe utajua."

Nikamwambia asubiri kidogo.

"Nimwambie yeye asubiri, ama ni mimi nisubiri?"

Amesimama hapo mlangoni bado. Nimerudisha mkono kwenye mashine. Nimefika hapa:

Ilipendekezwa na